Kulabu za Njano

Nsemulwa, Mpanda
5 Februari 2024

Mdogo wangu Révérien,

Pokea salamu kwanza, halafu pokea lawama. Salamu ni za watu wote wa hapa. Lawama ni zangu mwenyewe: boksi lako la mwisho lilikuja na zipu nzuri na ribiti nzuri za kubania ngozi, ila hukutia hata kikaratasi cha maneno mawili. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya kulowekea ngozi wiki ya Krismasi na haijafufuka. Ukitaka kusema na mimi andika, tia ndani ya boksi, kondakta wa basi atanifikishia. Na hata simu ingekuwa nzima, chuma hakipimwi kwa simu.

Nimepata kazi kubwa. Akina mama wa kwaya kule Majimoto wanataka mikoba kumi na minne, ngozi ya ng'ombe, kahawia, mikanda mirefu ya kuvuka kifua. Hao mama ni watu wa pikipiki, asubuhi sokoni, mchana kwenye majaruba ya mpunga. Mwaka jana mwenzao mmoja alinunua mkoba wa fundi mwingine. Kulabu ya mkanda ikakatika njiani, mkanda ukaingia kwenye gurudumu la nyuma, na mpaka leo yule mama anatembelea gongo. Walinisimulia hayo huku wanauvuta mkanda wangu wa mfano, mmoja baada ya mwingine, wananitazama usoni. Niliogopa, sikufichi.

Kwa hiyo nataka kulabu thelathini na mbili za shaba ya njano tupu, njano nje, njano ndani. Nenda kwa mzee Isidori, usiende kwingine. Na usisahau nilivyokufundisha. Kwanza sumaku: ikishika, rudisha. Pili, iangushe kwenye sementi usikie inavyolia. Tatu, tupa ile ya kunolea, ukwaruze mgongoni uone rangi ya ndani. Usiniletee kitu ambacho hakijapita kwenye tupa.

Mkeo Emelyne na mtoto wazima huko shambani, mbele ya Kabungu. Gratien ana miezi minne sasa na wewe baba yake hujamtia machoni. Amechukua masikio yako, maskini wa Mungu.

Dada yako,
Odeta


Kariakoo, Dar es Salaam
12 Februari 2024

Dada Odeta,

Shikamoo. Haya, leo maneno yapo, usije ukasema.

Mzee Isidori amefunga duka, amerudi kwao kupumzika. Nimezunguka siku mbili mpaka soli imelika. Nimepata duka jingine mtaa wa nyuma, kulabu zao zinang'aa hatari, mwenyewe utaona. Sumaku haikushika hata moja. Nimeziangusha, zimelia. Tupa nayo imepita. Fanya kazi kwa amani.

Nilibakiza moja kwangu ya mfano, ili nikirudi kununua nijue ni zile zile. Kwa hiyo nilichukua thelathini na tatu, zako zimetimia.

Picha ya Gratien aliyonitumia jirani yako Bibiana kwa simu yake nimeiona. Nimeiweka kwenye simu yangu, nikifungua tu namkuta. Pasaka nakuja, hilo halina mjadala. Masikio ni yangu kweli.

Mdogo wako,
Révérien


Shambani, mbele ya Kabungu
26 Februari 2024

Wifi yangu,

Jana Malale wa pikipiki aliniletea kifurushi chako kimefungwa kwa gazeti, nikadhani ni sabuni. Nilipofungua nilikaa chini.

Mbeleko ya ngozi! Mara ya mwisho kuiona ilikuwa ya bibi yangu kule Katumba. Yeye aliita ingobyi. Ilitundikwa ukutani, imekauka, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa, kwa sababu ndiyo aliyombebea mama yangu kwa miguu kutoka Burundi. Ile ilifungwa kifuani kwa kamba za ngozi, fundo juu ya fundo. Yako ina kulabu mbili za njano kila upande, nikizibonyeza zinajifunga zenyewe, ta! Gratien akisikia ule mlio anacheka.

Nimepalilia naye asubuhi nzima. Wifi, kanga hulegea, mkono mmoja lazima ukae chini ya mtoto kila baada ya hatua mbili. Sasa mikono yangu yote miwili iko huru. Wewe hujabeba mtoto siku nyingi, umesahau hiyo ni raha gani. Hata barua hii naiandika yupo mgongoni amelala, na tazama mistari ilivyonyooka, kama bado niko darasani. Mdogo wako aliupenda mwandiko huu kabla hajanipenda mimi mwenyewe.

Nitafanya ulivyosema, simwambii baba yake neno. Ataiona akija Pasaka.

Kliniki ya kupima uzito ni tarehe 14 Machi. Mto umejaa na lile daraja la mbao limechukuliwa, tunavuka juu ya gogo. Kliniki iliyopita nilivuka na kanga huku naomba Mungu. Safari hii siogopi.

Wifi yako,
Emelyne


Kariakoo
1 Machi 2024

Dada Odeta,

Shikamoo. Hii haina boksi, nimempa kondakta mkononi.

Nilikuwa nauliza tu, zile kulabu umeshaanza kuzitumia? Nimewaza, labda zingefaa zaidi mikoba midogo, ile ya kanisani, ya Biblia na leso. Ya Majimoto ingesubiri kidogo. Nitakutafutia nyingine bora zaidi, hata kesho. Si kwamba hizo zina tatizo, hapana. Ni mawazo tu ya mtu aliye mbali.

Silali vizuri siku hizi. Ni joto la Dar.

Mdogo wako,
Révérien


Nsemulwa
5 Machi 2024

Mdogo wangu,

Mikoba ya kanisani! Toka lini wewe unanipangia chuma kipi kikae wapi? Au umepata mteja huko Dar anayetaka kulabu zangu kwa bei nzuri? Sema ukweli nikucheke vizuri.

Umechelewa. Nimezitumia zote. Mikoba kumi na minne imening'inia hapa ukutani, kulabu mbili kila mmoja, na Jumamosi tarehe 16 naipeleka Majimoto mwenyewe. Nilikuwa na tupa mkononi nikataka kukwaruza moja, nikaona aibu. Wewe uliandika imepita. Nikikwaruza tena itakuwa nimekuita mwongo mbele ya mikoba yangu mwenyewe.

Zile nne za ziada nimezifunga kwenye kitu ambacho sikuambii. Kipo kwenu, si kwangu. Kinabeba mzigo wenye thamani kuliko mikoba yote ya Majimoto pamoja na hao mama wenyewe. Ukikiona Pasaka utalia, na mimi nitakuwa nimesimama pembeni natazama.

Oga maji ya baridi, joto litaisha.

Dada yako,
Odeta


Kariakoo
11 Machi 2024

Dada,

Keti kwanza.

Sikupiga tupa. Mwenye duka alisema ukikwaruza umenunua, na basi lilikuwa linapakia mizigo. Mimi nilikuwa na sumaku tu. Sumaku haikushika, nikasema basi, ni shaba. Nikakuandikia tupa imepita kwa sababu nilijua utauliza.

Tarehe 21 Februari nilipita pale dukani nikamkuta mteja amerudisha kulabu kama zetu, imekatika katikati. Ndani haikuwa njano. Ilikuwa kijivu, chembechembe. Jamaa mmoja pale akaniambia ni zinki, imeyeyushwa ikapakwa njano juu, na zinki nayo haishikwi na sumaku. Hilo sikulijua, Dada. Miaka yote nilidhani kisichoshikwa na sumaku ni shaba.

Ile niliyobakiza niliipiga tupa chooni ili wenzangu wasinione. Kijivu. Nikaitundikia ndoo ya maji ya lita ishirini. Ilishika siku mbili, nikaanza kupumua. Siku ya tatu iliachia, wala haikutoa mlio wowote. Nilikuwa nimesimama pale pale na sikusikia kitu, niliona maji tu yako miguuni.

Nimeandika barua nne nikazichana. Ile ya tarehe 1 ndiyo niliyoweza. Nilikuogopa wewe. Nyie wote huko mnaniita jicho lenu la Dar, nikaona nikisema, sitakuwa kitu tena.

Barua yako imenitisha kuliko ndoo. Ni kitu gani hicho kiko kwetu? Kinabeba nini? Sijui ni nini, lakini king'olewe kulabu leo leo, Dada, usimalize hata kunitukana kwanza. Na mikoba usiipeleke. Nilitaka kumpigia Bibiana akupe simu, nikashindwa; haya siwezi kuyasema kwa mdomo.

Révérien


Nsemulwa
16 Machi 2024

Révérien,

Ningeweza kuazima simu ya jirani yangu Bibiana nikakupigia siku ile ile. Nimeacha kwa makusudi. Nataka ukae mahali, usome mstari kwa mstari bila kujua wa mwisho unasemaje, kama mimi nilivyosoma wa kwako.

Kile kitu ni mbeleko. Ingobyi ya ngozi, ya mtoto wako.

Basi lilifika Alhamisi alfajiri na mimi nilikuwa stendi saa moja kuchukua barua. Nilisoma nimesimama. Ilikuwa tarehe 14, siku ya kliniki, na kwenda zahanati lazima avuke lile gogo. Nilimpigia Emelyne kwa simu ya kondakta mara saba, hapatikani. Unajua kule, mpaka upande kichuguu ndiyo upate mtandao. Nikamvuta Malale kwenye pikipiki yake hajamaliza chai.

Njia ni tope tupu. Malale akasema, "Mama, kwa mwendo huu tutaanguka." Nikamwambia, "Anguka ukishanifikisha." Nilikuwa nimeushika mgongo wa shati lake na kila shimo tulilopita nilisikia ta, ta, ule mlio wa kulabu zikijifunga. Nilizifunga mimi kwa mikono yangu, nilizibonyeza mara ishirini hapa mezani kwa kupenda ule mlio tu.

Tulifika mtoni saa tatu hivi. Nilimwona kabla sijashuka. Alikuwa amekaa katikati ya gogo, mguu huku na mguu huku, maji mekundu yanapita kwa kasi chini yake. Mtoto alikuwa amembana kifuani kwa mikono yote miwili. Ile ngozi ilikuwa inaning'inia upande mmoja mpaka majini, inavutwa na maji. Mtoto analia. Nilishukuru kusikia analia, Révérien, sijawahi kushukuru kilio namna ile.

Nilimwita. Hakugeuka. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Wifi, siwezi kusimama. Nikisimama nitamwachia." Alikuwa hapo tangu saa mbili. Saa nzima hakupita mtu.

Nilipanda gogo kwa magoti, mimi na huu mwili wangu unaoujua, Malale nyuma yangu ameshika sketi. Gogo linateleza, maji yananirukia usoni. Nilipomfikia nikasema nipe mtoto. Akasema hapana. Nikasema basi tusogee hivyo hivyo, tumekaa. Tulisogea kiganja kwa kiganja, yeye hatazami maji, hanitazami mimi, anatazama kichwa cha mtoto. Nina miaka arobaini na moja na sijui kama nimewahi kuogopa kabla ya siku hiyo.

Alinieleza baadaye tukiwa zahanati. Alikuwa katikati, akasikia mgongo umekuwa mwepesi. Hakusikia mlio, kama wewe na ndoo yako. Alipeleka mkono nyuma bila kutazama na mkono ukakuta mguu. Mguu mmoja, wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Kwa huo mguu ndiyo alimvuta mwanao, kichwa chini juu ya maji.

Gratien ni mzima. Nyonga ilishtuka, mguu umevimba, mganga ameufunga. Amesema atatembea kama watoto wengine. Nimewaleta wote wawili hapa kwangu.

Sasa nisikilize. Tupa ilikuwa mezani kwangu. Nilikuwa nimeishika. Nikaona aibu kukukwaruzia neno lako, na hiyo aibu nikamfunga nayo mtoto mgongoni. Hilo ni langu na nitakufa nalo. Lakini la kwako ni la kwako, sikupunguzii.

Mikoba haikwenda Majimoto. Kulabu zote ishirini na nane nimezigonga nyundo moja moja, zinapasuka kama biskuti. Nimekwenda kwa Celestin, yule anayesubu vyuma nyuma ya soko. Nilikaa pembeni yake akiyeyusha makoki ya maji ya zamani na kufuli mbovu, shaba ya kweli. Kulabu zake zina makovu, hazing'ai hata kidogo. Kila moja nimeikwaruza kwa mkono wangu na yeye Celestin ananitazama, wala sikuona aibu. Akina mama nimewaambia ukweli. Wamekubali kusubiri.

Usinijibu mimi. Mwandikie mkeo.

Odeta


Kariakoo
19 Machi 2024

Mke wangu Emelyne,

Nimempigia Bibiana mara tatu. Anasema uko karibu lakini hutaki kuja kwenye simu. Ni haki yako.

Barua ya dada niliisoma mlangoni mwa stoo. Nilipofika kwenye gogo nilikaa chini, watu wakawa wananiruka na mizigo yao. Tangu hapo nikishika kitu chochote naona kitaachia. Kitasa cha mlango, bomba la basi, kikombe. Usiku naamka nimekunja ngumi kama nimeshika kitu chembamba, naogopa kuifungua.

Nilimwogopa dada kuliko nilivyoogopa chuma kukatika. Sina neno jingine la kujitetea, na hilo si la kujitetea.

Nakuja na basi la tarehe 27. Nauliza mambo mawili tu. Mguu wa mtoto unaendeleaje? Na nikifika, utanifungulia mlango? Niandikie hata mstari mmoja. Nikiuona mwandiko wako nitajua bado nina kwangu.

Mume wako,
Révérien


Nsemulwa
24 Machi 2024

Baba Gratien,

Ulipopiga kwa Bibiana nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni. Nilisikia sauti yako inatoka kwenye simu. Nilitaka kuja, ila simu inashikwa kwa mkono.

Mguu unapona. Uvimbe umeshuka, jana alipiga teke bakuli la uji. Anacheka na kila mtu. Yeye hajui lolote, mimi ndiye ninayejua.

Leo ni Jumapili ya Matawi. Wifi alinisindikiza kanisani, nilikataa tawi. Padre alidhani nimekasirika.

Wifi amenishonea mbeleko nyingine, haina chuma hata kimoja. Kamba za ngozi tupu, fundo juu ya fundo kama ya bibi yangu. Ili niamini aliitupia juu ya boriti akaning'inia mwenyewe, miguu juu, mpaka nikacheka. Nimeamini. Naivaa. Najua haitakatika.

Sikuhesabii kosa la dukani. Mtu anadanganywa na duka, si wewe wa kwanza. Ninachokihesabu ni siku. Barua zako kwa wifi nimezisoma: ulijua tarehe 21 Februari, ukasema tarehe 11 Machi. Siku kumi na tisa, na mimi katika siku hizo nilipalilia naye, nikachota maji naye, nikainama naye kisimani kila jioni. Narudia kila siku moja moja, na kila moja naona ingeweza kuwa ndiyo. Wewe ukaandika kuhusu joto la Dar.

Umeuliza kama utafunguliwa mlango. Njoo. Njoo umwone mwanao, ana masikio yako kweli. Atakufungulia wifi.

Na umeomba uone mwandiko wangu. Ndio huu. Najua umeutazama kwenye bahasha ukadhani ameandika mtoto wa shule. Mistari inapanda na kushuka, karatasi imenitoroka mara tatu kwa sababu hakuna wa kuishikilia. Siku kumi sasa nafua hivi, nasonga ugali hivi, nalala hivi. Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine uko chini ya mtoto.

Emelyne